Gundi ya Stika kwenye Kioo cha Gari: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Hapa Mombasa

Kibanda chetu cha kuosha magari kiko Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Hazipiti siku mbili bila gari kuletwa si kwa ajili ya vumbi, bali kwa ajili ya stika: mwenye gari ameitoa mwenyewe, imekatika, na sasa kioo kinanata na kimeshika nywele za paka. Maswali huwa ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayotoa nikiwa na tambara mkononi.

Stika imetoka, gundi imebaki. Mbona maji na sabuni havifui dafu?

Ulishawahi kupasua fenesi? Ule ulimbo ukikushika mkononi, utanawa mpaka kesho. Anayelijua fenesi hujipaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hajaanza. Gundi ya stika ni ndugu yake. Imetengenezwa kwa akriliki au mpira, vitu visivyoyeyuka kwenye maji, na ikakusudiwa isikauke kabisa ili ibaki na unato miaka na miaka. Maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Mafuta ndiyo huipenya, yakaivimbisha, ikaachia kioo.

Halafu kuna jua letu. Stika ya plastiki ikipigwa na jua miaka miwili mitatu, kile kilainishi kilichomo ndani yake hutoka, ikawa kavu kama ganda la kitunguu. Ukiivuta inakatika vipande vipande huku gundi yote ikibaki kwenye kioo. Zile stika za wagombea wa Agosti 2022 ambazo bado zimo barabarani ni za namna hiyo. Mheshimiwa mwenyewe amefifia, yamebaki meno tu, lakini gundi yake haina habari kwamba uchaguzi ulikwisha.

Yangu sijaibandua bado. Nianzie wapi?

Una bahati, maana stika ikibanduliwa vizuri nusu ya kazi imekwisha. Liache gari juani nusu saa, au tumia draya ya nywele, mpaka kioo kiwe na joto ambalo kiganja kinaweza kulivumilia. Inua pembe moja kwa ukucha, ikunje stika irudi juu ya mgongo wake, kisha uivute ikiwa imelala karibu na kioo. Usiivute kuja kifuani kwako. Na polepole ni polepole kweli: sentimita moja kwa sekunde mbili hivi. Ukisikia inalia "prrr", umekwenda mbio na gundi imebaki nyuma. Tunataka iondoke kimya.

Draya isisimame mahali pamoja. Na kama windskrini ina ufa au kidonda cha kokoto, iweke kando kabisa. Joto likikaa upande mmoja, ufa husafiri.

Njia gani ni rahisi na haina gharama kwa ile gundi iliyobaki?

Mafuta ya nazi. Sisemi hivi kwa sababu ya uenyeji. Ni kwamba kila nyumba hapa ina kichupa chake, na kwa joto letu mafuta hayo huwa maji mwaka mzima. Huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana jamaa zetu wa Nairobi huyachota kwa kijiko. Mafuta ya kupikia pia yanafanya kazi ile ile.

Kwanza osha kioo kwa maji mengi na sabuni, mchanga wote uondoke. Hatua hii watu huiruka, nami huwarudisha. Chukua kipande cha fulana kuukuu, kiloweshe mafuta, kibandike juu ya gundi, kisha ufunike kwa karatasi ya mkate uliyoipasua ili mafuta yasichuruzike kwenye mpira wa mlango. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017; karatasi ya mkate ndiyo iliyotuokoa.) Kaa nusu saa. Gundi nene ngoja saa nzima, nenda kaswali, nenda kanywe kahawa.

Ukifunua utaona imebadilika. Ilikuwa inang'aa, sasa ina weupe kama utandu wa uji. Isukume kwa kidole gumba: ikijiviringa kama tambi, iko tayari. Isukume yote kwa ukingo wa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Ikiwa bado inavutika kama ubani unaotafunwa, funika tena. Hapo ndipo wengi huanza kusugua kwa nguvu, na kusugua gundi ambayo haijalainika ni kuitandaza tu. Mtu alikuja na doa la ukubwa wa sarafu akaondoka na la ukubwa wa sahani.

Mwisho toa mafuta kwa sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, kisha futa kwa spiriti ya duka la dawa. Usipotoa mafuta, usiku taa za magari yanayokuja zitakupasukia machoni.

Kwa utandu mwembamba uliobaki, changanya mafuta hayo na bekingi soda mpaka yawe kama dawa ya meno, usugue kwa kidole. Bekingi soda ni laini kuliko kioo, haikwaruzi.

Nifanye juani au kivulini?

Kwa zamu. Kubandua stika ni juani, kwa sababu joto hulegeza gundi. Kutoa gundi iliyobaki ni kivulini, kwa sababu kioo cha moto hukausha spiriti kabla haijafanya kazi, na gundi yenyewe ikizidi joto hugeuka asali ikakimbia huku na huku. Mimi huitoa asubuhi kabla ya saa tatu.

Na tafadhali, usimwagie maji baridi windskrini iliyoshinda juani.

Mafuta ya taa, petroli au thina?

Mafuta ya taa yanatoa gundi, tena vizuri, kwa dakika kumi badala ya nusu saa. Shida yake ni harufu na ule utando wa mafuta unaohitaji kuoshwa mara mbili. Tumia nje ya kioo, au ndani milango yote minne ikiwa wazi na gari liko kivulini. Mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na gari lililofungwa juani hapa hupita hapo bila shida.

Petroli sikubali. Hiyo hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya kugandisha, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unashuka chini ya viti, kwenye nyaya, unakaa hapo ukisubiri cheche. Kuna watu huniambia, "Lakini mimi huitumia kila siku." Sawa.

Thina ni kali na kila kopo lina mchanganyiko wake. Kioo haikiumizi, lakini tone moja likiangukia rangi ya mlango utakuwa na doa la kueleza.

Dawa ya kutoa rangi ya kucha je?

Ile yenye asetoni ndiyo ya haraka kuliko zote. Kioo haikigusi. Inachokula ni kila kitu kilicho karibu na kioo: rangi, mpira wa dirisha, plastiki ya dashibodi, taa za mbele, na tinti. Iweke kwenye pamba, usiimwage, na pamba isidondoke. Chupa ikiandikwa kwamba haina asetoni, itakuchosha bure.

Wembe unaruhusiwa? Rafiki yangu alikwaruza kioo chake.

Unaruhusiwa kwenye kioo kitupu, yaani kisicho na tinti wala mistari. Ila nakwambia kilichomkuta rafiki yako: si wembe uliokwaruza, ni mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo kiko kati ya 5 na 6, na chuma cha wembe kiko karibu hapo hapo. Punje ya mchanga wa kwarizi ni 7. Punje moja ikinaswa chini ya wembe inachora mstari mpaka mwisho wa mkono wako.

Kwa hivyo osha, halafu lowesha kioo kwa maji ya sabuni, na kiendelee kuwa kimelowa. Laza wembe, usiusimamishe. Mwinamo wa nyuzi 30 hivi unatosha. Sukuma mbele, inua, rudi, sukuma tena. Usiburute kurudi nyuma. Wembe uwe mpya, wa leo. Hewa yetu ya chumvi hutia kutu wembe uliolala nje usiku mmoja, na kutu hiyo huwa na meno usiyoyaona. Tumia kishikio kile cha plastiki, vidole bado unavihitaji.

Vioo vya milangoni vina jambo la ziada. Hupikwa na kupozwa ghafla kiwandani ili viwe imara, na wakati mwingine chembe ndogo za kioo hugandia juu yake. Ukipitisha wembe ukasikia "krr krr" kama unakwangua chungu, acha. Rudi kwenye mafuta.

Stika iko kwenye kioo cha nyuma chenye mistari ya kahawia. Kuna tofauti?

Kubwa. Mistari ile ni ya madini ya fedha, imechapwa juu ya uso wa ndani wa kioo, na umeme hupita humo kukausha ukungu. Kwenye magari mengine mistari ya juu ni antena ya redio. Haiko ndani ya kioo kama watu wanavyodhani. Pitisha kidole utaisikia.

Nalijua hili kwa kulipia. Miaka yangu ya kwanza nilipitisha wembe kwenye kioo cha nyuma cha Probox, pakatoka stika safi, nikajisifu. Msimu wa mvua za masika mwenye gari akarudi: kioo kizima kinakauka ukungu, isipokuwa kwenye mistari mitatu ya chini. Ukikata mstari mahali pamoja, mstari wote unazimika. Kuna rangi maalumu yenye fedha ya kuunganishia, niliinunua, nikaketi kwenye buti la gari lile na brashi nyembamba kama kope, jasho likinidondokea kwenye kazi. Mistari miwili ilipona, wa tatu ulikataa.

Hapo ni mafuta, kidole na tambara laini tu, na ufute kufuata mstari, usikate kati yake. Waya wa kusugulia masufuria usikaribie.

Nitajuaje kama kioo changu kina tinti ya kubandika au ni cheusi cha kiwandani?

Teremsha dirisha nusu, utazame ukingo wa juu kwa upande wa ndani. Tinti ya kubandika huishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo. Ukucha utakwama pale inapoanzia. Kioo cha kiwandani rangi imo ndani ya kioo chenyewe, hakuna pa kukwama. Noah na Voxy nyingi kutoka Japani zina vioo vya nyuma vya namna hii.

Tinti ya kubandika ni karatasi ya polyesta, na karibu kila mara iko ndani. Stika ikiwa nje, huna wasiwasi. Ikiwa ndani, juu ya tinti, tumia maji ya uvuguvugu ya sabuni na mafuta kidogo, na subira. Asetoni, thina, amonia na wembe ni marufuku. Hata baadhi ya dawa za kung'arisha vioo zina amonia. Soma chupa, tinti hugeuka zambarau na kufanya malengelenge.

Gari langu limetoka bandarini lina stika za Kijapani. Zina maana? Nizitoe?

Hazina kazi tena hapa. Ile ndogo ya mraba kwenye windskrini, kwa ndani, ni ya ukaguzi wa lazima wa serikali yao. Namba zilizo juu yake ni mwezi na mwaka ambao ukaguzi ungekwisha. Ya duara kwenye kioo cha nyuma ilikuwa ya kuonyesha kwamba mwenye gari ana mahali pa kuliegesha. Huko hukubaliwi kusajili gari bila maegesho, jambo ambalo mtu wa Mji wa Kale akilisikia hucheka. Hiyo ya duara waliiacha kuitoa Aprili 2025, kwa hivyo magari yaliyosajiliwa huko baada ya hapo yatakuja bila. Ile ya kijani nyuma ni ya moshi na matumizi ya mafuta.

Kuna wanaoziacha makusudi, ili mnunuzi ajue gari ni jipya nchini. Ni hiari yako, lakini kadiri zinavyokaa ndivyo zitakavyokusumbua. Kwa kuwa magari yetu hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamepita miaka minane, stika nyingine zimeshakaa miaka hiyo yote, ila chini ya jua la Japani. Mwaka mmoja wa hapa huzimaliza.

Utakuta pia plastiki nyembamba zinazoonekana kama uzi wa buibui pembeni mwa windskrini, zimeunganishwa na waya mdogo. Hizo ni antena za televisheni ya gari, ambayo hapa haishiki kitu. Zivute kwa joto kama stika. Maandishi ya peni ya rangi yanayoandikwa kiooni njiani hutoka kwa spiriti.

Na stika za ukaguzi na bima?

Stika ya ukaguzi ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani hapa Kenya, ikiwa bado hai, usiiguse. Bima sasa hutolewa kidijitali, kwa hivyo zile karatasi za miaka ya nyuma zilizopangana kiooni kama ngazi zinaweza kutoka zote. Ni karatasi: zilowe maji ya uvuguvugu kwanza, zivue tabaka la karatasi kwa kidole, kisha mafuta kwa gundi. Ukianza na mafuta juu ya karatasi iliyopakwa nailoni hayatapenya.

Askari wa jengo amenibandikia karatasi ya onyo mbele ya dereva. Inatoka?

Inatoka, na pole. Mimi mwenyewe nimebandikiwa, kwenye jengo nililokwenda kupeleka gari la mteja aliyekaa hapo, na nilikaa dakika nane. Karatasi imejaa kioo chote, huoni barabara, na unaambiwa uondoke upesi. Gundi ya hizi mara nyingi ni ya maji. Loweka gazeti, libandike juu, ngoja robo saa, yote inashuka kama uji. Ikikataa ni ya plastiki, rudi kwenye mafuta niliyoeleza juu.

Kioo kizima cha nyuma cha matatu kina mchoro. Nitoe mwenyewe?

Kama una siku nzima na mtu wa kukusaidia. Kata kwa vipande vya upana wa kiganja, pasha joto, vuta kimoja kimoja. Kukata kwa wembe ni nje tu, na kwa mkono mwepesi.

Tepu nene ya povu, ile ya kushikia kamera au kinga ya mvua dirishani?

Usiing'oe kwa bisibisi. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ushike ncha mbili, uupitishe nyuma ya tepu ukiuvuta huku na huku kama unakata ugali wa jana kwa uzi. Povu litakatika, kifaa kitatoka kizima. Kilichobaki kioo­ni ni kazi ya mafuta.

Dawa za kopo za dukani?

WD-40 inatoa gundi. Dawa zenye mafuta ya maganda ya machungwa pia, na zinanukia vizuri. Kama unayo nyumbani tumia. Kwa stika moja sioni haja ya kwenda kununua.

Nimesafisha, kikavu hakina kitu, lakini mvua ikinyesha stika inaonekana tena!

Huyo tunamwita mzimu. Huonekana pia asubuhi ukiwa na AC, kioo kikiwa baridi na unyevunyevu wa nje ukatua juu yake: duara lile lile, maandishi yale yale, hata namba ya simu ya duka inasomeka. Sababu huwa mbili. Ama utandu mwembamba sana wa gundi umebaki, ama umesafisha mahali pale tu, na kioo kilichobaki kina mafuta ya barabarani na chumvi ya miaka, kwa hivyo maji yanakaa tofauti.

Safisha kioo chote kwa spiriti, siyo duara. Kikikataa, kuna unga wa kung'arishia vioo uitwao seriamu oksaidi. Changanya na maji, sugua kwa kitambaa kinene kwa mizunguko midogo, kioo kikiwa kimelowa muda wote. Mara chache sana hufika huko.

Baada ya kuosha, kioo kimebaki na madoa meupe.

Hiyo siyo gundi, ni kisima chako. Maji mengi ya visima hapa yana chumvi na chokaa. Futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha maliza kwa maji matamu, hata lita moja ya chupa, na ukaushe mwenyewe kwa kitambaa. Usiliachie jua likukaushie.

Nitajuaje kwamba imekwisha kabisa?

Usitumie macho. Funga macho, pitisha upande wa ukucha polepole kutoka kioo ambacho hakikuwa na stika hadi pale ilipokuwa. Kwenye gundi ukucha hupunguza mwendo kidogo, kama baiskeli inayoingia mchangani. Ukipita bila kujua umepita wapi, kunja tambara.